Kupaka rangi modeli ya L-29 Delfín: anza na namba ya ubavuni, chupa ya rangi baadaye

Kila anayefungua boksi lake la kwanza la ndege ya mafunzo ya Chekoslovakia huuliza jambo moja: "Delfín ilikuwa na rangi gani?" Likiulizwa hivyo, swali hilo halijibiki. Kati ya 1963 na 1974 zilitengenezwa Delfín zaidi ya 3,500. Nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovieti; nyingine zilifundishia marubani Ujerumani Mashariki, Hungaria, Bulgaria, Romania, Misri, Syria, Iraki, Nigeria, na hapa kwetu Uganda. Uliza hivi badala yake: "Delfín yenye namba hii, mwaka huu, ilikuwa na rangi gani?" Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe linapatikana kwenye picha.

Hapa tunafuata Delfín ya rangi ya fedha ya jeshi la anga la Chekoslovakia, kwa skeli ya 1/72 au 1/48. Mwenye Zlín Trener mezani, yaani ndege ya mafunzo ya propela ya familia ya Z-26 hadi Z-326, afuate hatua hizi hizi, panapotofautiana tumetaja.

Historia kidogo, ile inayokuongoza kwenye rangi tu

Jeshi la Chekoslovakia lilizipa ndege zake za mafunzo herufi C, herufi ya kwanza ya neno *cvičný*, yaani "ya mafunzo". Kwa hiyo ndege moja ina majina mawili, na wengi hununua stika za ndege waliyo nayo tayari wakidhani ni nyingine. Zlín Z-26 ya 1947, yenye mabawa ya mbao, ni C-5. Z-126 yenye mabawa ya chuma ni C-105, Z-226 ni C-205, na Z-326 ni C-305. C-2 ni Arado Ar 96 ya Kijerumani iliyoendelea kutengenezwa baada ya vita, na C-11 ni Yak-11 iliyotengenezwa kwa leseni. Z-381 ni Bücker Bestmann, ndege ile ile ambayo Misri waliitengeneza Heliopolis kwa jina la Gomhouria.

Delfín iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 1959 ikiwa na injini ya Viper ya Uingereza. Zilizotoka kiwandani kwa wingi zilifungwa injini ya M-701 ya Chekoslovakia. Mwaka 1961 ilizishinda Yak-30 ya Kisovieti na TS-11 Iskra ya Poland, ikawa ndege ya mafunzo ya nchi za Mkataba wa Warsaw. Poland hawakukubali, wakabaki na Iskra yao. Ukiona stika za Delfín zenye miraba myeupe na myekundu ya Poland, rudisha pochi yako mfukoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha tatu au zaidi za ndege moja, yenye namba moja, za kipindi kimoja. Angalau moja iwe imepigwa ubavuni moja kwa moja.
- Msasa wa maji: namba 400, 600, 1000 na 2000.
- Puti ya plastiki, gundi nyembamba, kibano, kisu chenye ncha mpya.
- Chubwi za kuvulia samaki, ndogo ndogo, kwa ajili ya uzito wa pua.
- Tepu ya karatasi ya wapaka modeli. Ile ya mafundi wa nyumba inang'oa rangi ya fedha.
- Eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) yenye sindano ya mm 0.3 na kompresa yenye kichujio cha maji.
- Andakoti ya kijivu, na rangi nyeusi inayong'aa.
- Rangi ya fedha ya lakka za aina mbili: moja ya alumini ya kawaida, nyingine iliyofifia au kukoza kidogo. Chupa ya ml 30 inatosha modeli ya 1/48 na itabaki.
- Vanishi inayong'aa na vanishi ya nusu mng'ao.
- Dawa mbili za stika: ya kushikisha na ya kulainisha.
- Barakoa ya kemikali na chumba chenye dirisha wazi. Lakka inashika moto, kwa hiyo usipulize karibu na jiko.

Usiye na eabrashi unaweza kutumia kopo la kupuliza la rangi ya fedha. Brashi ya mkono kwenye eneo lote la fedha haifai. Michirizi yake haifichiki kwa vanishi yoyote.

Hatua

1. Chagua namba moja na mwaka mmoja.
Namba nyeusi ya tarakimu nne kwenye Delfín ya Chekoslovakia mara nyingi ni tarakimu nne za mwisho za namba yake ya kiwandani. Hiyo ni bahati kubwa kwako, kwa sababu namba inabaki na ndege na unaweza kuifuata kutoka picha hadi picha. Za Kisovieti si hivyo. Zile zilikuwa na namba ya tarakimu mbili yenye rangi, ambayo iliweza kubadilishwa ndege ikihama kikosi, na ndege nyingine kupewa namba ile ile. Picha mbili za "24" nyekundu zinaweza kuwa ndege mbili.

*Kosa la kawaida:* kutumia picha ya ndege inayoruka kwenye maonyesho siku hizi. Delfín nyingi za watu binafsi zilinunuliwa kutoka nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovieti, zikapakwa rangi anazozipenda mwenyewe. Nzuri kutazama, lakini si ushahidi. Hata iliyo makumbusho, ikiwa imekaa nje miaka mingi, imepakwa upya zaidi ya mara moja. Iamini kwa umbo, mpangilio wa mabati na matundu. Kwa rangi, rudi kwenye picha ya enzi zake.

2. Ipe picha tarehe kwa kusoma alama.
Picha nyingi hazina mwaka. Alama zinasaidia:

- Usajili wa OK- ni wa Chekoslovakia, na Jamhuri ya Cheki imeendelea nao. OM- ni Slovakia, kwa hiyo picha ni ya 1993 au baadaye.
- DM- ni Ujerumani Mashariki hadi 1981. Kuanzia hapo ni DDR-. Trener nyingi za vilabu vya huko zilipitia herufi zote mbili, kwa hiyo alama hii peke yake inakupa nusu ya jibu.
- Duara (alama ya taifa kwenye ndege) la Misri lenye nyota mbili za kijani ni la enzi za Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, iliyoanza 1958.
- Delfín iliyo shuleni na wanafunzi haiwezi kuwa ya kabla ya 1963. Iliyo kabla ya hapo ni ya majaribio, na ina tofauti za umbo ambazo boksi lako halina.

3. Soma rangi kwenye picha nyeusi na nyeupe.
Hapa ndipo watu hukata tamaa bila sababu. Duara la Chekoslovakia lina vipande vitatu: chekundu, cheupe na cha bluu. Ni kama kadi ya kupimia iliyobandikwa kwenye ndege yenyewe. Linganisha weusi wa namba na vipande hivyo. Ikiwa namba ni nyeusi kuliko chekundu na cha bluu kwa pamoja, ni nyeusi kweli. Ikilingana na chekundu, huenda ni nyekundu. Mshale au ukanda unaolingana na cha bluu, ufikirie hivyo hivyo. Fanya ulinganisho huu ndani ya picha moja tu, tena sehemu zote mbili ziwe kwenye mwanga mmoja. Duara lililo kivulini chini ya bawa halipimi namba iliyo juani.

Tahadhari kwa picha za zamani, hasa za kabla ya vita: filamu za kale zisizoona rangi nyekundu hugeuza nyekundu kuwa nyeusi na kuipausha bluu. Utalitambua jambo hilo kwenye duara lile lile, maana kipande cha bluu kitakuwa cheupe kupita kiasi.

4. Geuza picha kuwa vipimo.
Delfín ina urefu wa m 10.81 na upana wa mabawa m 10.29. Kwa skeli ya 1/72 ni mm 150 kwa mm 143. Kwa 1/48 ni mm 225 kwa mm 214. Pima modeli yako kwanza ili ujue boksi lenyewe ni la kweli kiasi gani.

Halafu pima namba. Tuseme kwenye picha ya ubavuni ndege nzima ina mm 216 na tarakimu moja ina kimo cha mm 10. Gawa 10,810 kwa 216, unapata karibu 50: kila milimita ya picha ni mm 50 za ndege. Tarakimu ni mm 500. Gawa kwa 72, unapata mm 6.9, gawa kwa 48, unapata mm 10.4. Ikiwa stika za boksi zina mm 9 kwa 1/72, zitapiga kelele kwenye pua ndogo ile. Usipime kwenye picha iliyopigwa kwa mshazari. Pua huonekana kubwa na kila kipimo kitakudanganya.

5. Hakikisha umbo ni la ndege uliyoichagua.
Delfín haina matangi kwenye ncha za mabawa. Yake huning'inia chini ya mabawa. Matangi ya ncha ni ya L-39 Albatros, mdogo wake wa 1968. Ukitaka vioo wazi, cha mbele kinafunguka kwa upande na cha nyuma kinarudi nyuma kwa kuteleza. Kuvifungua vyote kwa namna moja ni kosa linaloonekana toka mbali.

Kwa Trener angalia pua na magurudumu. Z-26 na Z-126 zina injini ya silinda nne, Walter Minor 4-III ya nguvu za farasi 105. Z-226 ina silinda sita, nguvu 160, na pua ndefu zaidi. Z-326 ndiyo ya kwanza kukunja magurudumu yake ya mbele. Ikiwa picha yako ni ya Z-226A, hiyo ni Akrobat ya kiti kimoja, jamaa ya ndege aliyoshindia Ladislav Bezák ubingwa wa kwanza wa dunia wa michezo ya angani, Bratislava, 1960. Usiifunike kwa kioo cha viti viwili.

6. Weka uzito puani kabla ya kufunga kiwiliwili.
Delfín inasimama kwa gurudumu la pua, na modeli yake inapenda kukalia mkia. Unganisha kila kitu kwa tepu, pamoja na mkia na mabawa. Weka kijiti cha meno chini ya mabawa, pale magurudumu makuu yatakapokuwa. Ongeza chubwi juu ya pua mpaka ianguke mbele, kisha ongeza gramu 2 zaidi kwa sababu rangi na vanishi huongeza uzito nyuma. Zishikishe kwa epoksi. Gundi ya plastiki haishiki risasi. Chubwi itabanduka siku modeli imeshakwisha, iwe inagongagonga ndani kama njugu.

Trener ina gurudumu la mkiani, haihitaji chubwi hata moja.

7. Laini plastiki kuliko ulivyozoea.
Rangi ya fedha haina huruma. Mkwaruzo ambao kijani kingeufunika, fedha itauonyesha kwa kila anayepita. Puti kwenye viungo, msasa 400, kisha 600, 1000, 2000, kila namba ukisugua kuvuka mwelekeo wa ile iliyotangulia. Puliza andakoti ya kijivu, tazama kwa taa ya pembeni, rekebisha, puliza tena. Viungo vitakavyokusumbua ni midomo ya kuingizia hewa kwenye mashina ya mabawa, na pale mkia wa mlalo unapokaa juu ya ule wa wima.

Boksi za zamani, kama lile la KP la 1/72, mara nyingi zina mistari ya mabati iliyoinuka. Ukiisaga yote, ichonge upya. Ukiiacha, usiisugue upande mmoja tu.

8. Rangi nyeusi inayong'aa, kisha subiri.
Puliza matabaka mawili au matatu mepesi. Uso uwe kama kioo cha simu iliyozimwa. Acha saa 48, na kama uko pwani kwenye joto la unyevu, siku tatu. Kuharakisha hapa ndiyo sababu ya kwanza ya fedha kupasuka.

9. Fedha kwa matabaka membamba.
Mgandamizo uwe paundi 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba. Eabrashi iwe sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye modeli, na mkono usisimame. Tabaka la kwanza liache weusi uonekane. La pili liukaribie kuufunika. La tatu limalize. Ukijaza kwa pigo moja, unapata rangi ya sufuria.

Baada ya siku moja, funika mabati machache kwa tepu na uyapulize fedha ya pili. Machache kweli: matano au sita kila upande, hasa ya sehemu ya injini. Modeli iliyogawanywa kama ubao wa drafti haifanani na Delfín yoyote. Piga tepu kwenye kiganja mara mbili kabla ya kuibandika ili ipungue ukali.

Kwa Trener, tofautisha kitambaa na bati. Sehemu ya nyuma ya kiwiliwili na visukani vyake vimefunikwa kitambaa, na kitambaa kilichopakwa fedha kina mng'ao wa kufifia, ulio sawa kila mahali. Kukipa mng'ao wa bati lililosuguliwa ni kosa hata kama mkono ulikuwa safi.

10. Stika.
Vanishi inayong'aa kwanza, matabaka mawili, saa 24. Dawa ya kushikisha kwenye uso, stika juu yake, toa maji kwa pamba, kisha dawa ya kulainisha. Stika ikijikunja baada ya dawa, iache, itajinyoosha yenyewe. Ukiigusa, imechanika.

Duara la Chekoslovakia lina upande wa juu na wa chini. Maduara ya kushoto na kulia ya mkia huakisiana, hayafanani. Kwenye mabawa mpangilio ni mwingine tena. Weka picha mbele yako na utazame kipande cha bluu kinaelekea wapi kabla stika haijagusa maji. Hakuna kosa linalorudiwa kwenye ndege hizi kama hili, na mwenyeji yeyote wa huko ataliona kwanza.

Stika za boksi kuukuu zilizogeuka njano: zitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufungika, zibandike kwenye dirisha lenye jua siku kadhaa. Kisha jaribu stika moja usiyoihitaji kwenye maji. Ikivunjika vipande, zipulize zote vanishi ya stika kabla ya kuzitumia, na ukate kila moja karibu na ukingo wake.

11. Uchafu kidogo.
Ndege za shule zilioshwa. Wino mwembamba wa kijivu kwenye mistari unatosha. Mweusi kamili juu ya fedha unaonekana kama gridi ya daftari. Trener iongezee mafuta na moshi chini ya pua kuelekea tumboni, kwa kuwa silinda za Walter Minor zimeelekea chini na uchafu wake huenda huko. Malizia kwa vanishi ya nusu mng'ao kwenye sehemu za kitambaa tu. Ukiipuliza juu ya bati, umeifuta kazi ya hatua ya 9.

Mambo yakiharibika

*Fedha imekuwa ya maziwa.* Unyevu umenaswa ndani ya lakka. Mwaga maji kwenye kichujio cha kompresa, na upulize kuanzia saa tano asubuhi, jua likishakausha hewa. Pigo jembamba la tina ya lakka peke yake mara nyingi huurudisha mng'ao.

*Fedha ina chembe kama mchanga.* Rangi inakauka kabla ya kufika. Sogeza eabrashi karibu, punguza mgandamizo. Eneo lililoharibika lisugue kwa msasa 2000 wenye maji, uanze na nyeusi tena.

*Nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka.* Nyeusi haikukauka. Hakuna dawa: ondoa rangi yote, rudi hatua ya 7.

*Tepu imebandua fedha hadi plastiki.* Uso ulikuwa na mafuta ya vidole. Osha modeli kwa sabuni ya vyombo kabla ya andakoti, na kuanzia hapo uishike kwa glavu.

*Ukungu mweupe chini ya stika.* Hewa imebaki. Toboa kwa ncha ya sindano mara kadhaa, weka dawa ya kulainisha, subiri usiku mzima, rudia.

*Vanishi imeua mng'ao wa fedha.* Vanishi nyingi hufanya hivyo. Ijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki ulichokipaka nyeusi na fedha ile ile. Ikishindwa, weka vanishi chini ya stika peke yake, si ndege nzima.

*Modeli bado inakalia mkia.* Chubwi moja iliyosagwa bapa huingia ndani ya shimo la gurudumu la pua. Ipake rangi ya shimo.